Harufu ya Kuungua Kwenye Maikrowevu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Ndimu

Najua wapo watakaouliza: bwana shamba na maikrowevu, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Tangu nguzo za umeme zifike kwenye senta zetu, maikrowevu si pambo la nyumba ya tajiri tena. Iko kwenye kibanda cha maziwa, iko kwa mama lishe anayepasha wali wa mteja aliyechelewa, iko kwenye duka linalouza sambusa na bisi. Nyingi hununuliwa zikiwa zimeshatumika na mtu mwingine. Ni kifaa cha kazi kama bomba la kunyunyizia dawa, na kikiharibika kinakula mtaji.

Swali ninaloulizwa ni lile lile: "Kuna kitu kiliungua humo ndani, sasa inanuka. Niweke nini?" Wengi wanategemea niseme ndimu, halafu tumalizane. Ndimu nitaisema, lakini si ya kwanza. Msimamo wangu ni huu: harufu ya kuungua ni taarifa. Ukiifunika kabla ya kujua imetoka wapi, umejinyima taarifa, na harufu yenyewe itarudi.

Kwanza jua kilichoungua ni nini

Kuna harufu za aina mbili na hazitibiwi kwa njia moja. Ya kwanza ni ya chakula: bisi zilizopitiliza, kiazi kitamu kilichokauka, maziwa yaliyofurika yakaganda kwenye sahani. Hii inakera, lakini inaondoka.

Ya pili ni ya umeme: harufu ya waya, ya mpira, ya plastiki inayoyeyuka. Hii haina dawa ya jikoni. Chomoa plagi kwenye ukuta na uitazame. Je, miguu yake ina rangi ya kahawia au alama za moto? Soketi imelainika? Je, mashine iko kwenye ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na pasi? Angalia na nyuma ya mashine. Mende na panya wanapenda joto la pale, na mende akiingia kwenye saketi anaungua yeye na kuunguza kifaa.

Chungulia pia ukuta wa ndani, mara nyingi upande wa kulia. Utaona kipande kama kadibodi ngumu ya kijivu au kahawia. Hiyo ni kadi ya maika, na ndiyo mlango ambao mawimbi hupitia kuingia kwenye chakula. Ikilowa mafuta inaungua, inatoboka na kuanza kutoa cheche. Watu wengi husugua mashine nzima kwa ndimu wiki nzima, kumbe kinachonuka ni kadi hii. Fundi huibadilisha bila kazi kubwa. Usiitoe ukaendelea kutumia mashine bila hiyo.

Na ukiona tatizo ni la umeme, usifungue bodi mwenyewe hata kama umeshachomoa plagi. Ndani kuna kapasita inayofanya kazi kwa zaidi ya voti 2,000, na inaweza kubaki na umeme baada ya kuchomolewa. Umeme wa ukutani ni voti 230, na mnajua unavyofanya. Hapo mwite fundi, na awe anayejua maikrowevu, si wa redio tu.

Kwa nini ndimu peke yake haitoshi

Moshi wa chakula haupiti ukaondoka kama upepo. Unabeba chembe za masizi pamoja na mafuta, na vinaganda kila mahali: darini, kwenye mpira wa mlango, chini ya sahani ya kioo, kwenye pete ya magurudumu inayozungusha sahani, na kwenye matundu ya hewa. Ukichemsha ndimu juu ya uchafu huo, kwa saa moja utasikia ndimu. Mashine ikipata moto tena, masizi yanapashwa tena na harufu inarudi. Ni sawa na kupaka chokaa ghala lenye dumuzi bila kutoa mahindi yaliyotobolewa.

Kwa hiyo utaratibu ni muhimu kuliko dawa. Mimi naufuata hivi:

1. Chomoa plagi, subiri ipoe. Toa sahani na pete ya magurudumu, vioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo.

2. Futa ndani kote kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, kikiwa kimekamuliwa. Anza darini, maliza na mpira wa mlango. Matundu ya hewa yafute juu juu, usimwage maji humo.

3. Rudisha sahani, washa umeme. Weka kwenye bakuli la kioo au udongo kikombe kimoja cha maji na vijiko viwili vya siki nyeupe, au ndimu mbili zilizokatwa. Tumbukiza kijiti cha mti, kwa sababu maji yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia, halafu yakakurukia usoni ukiyagusa. Washa dakika tatu hadi tano, mpaka kioo cha mlango kijae mvuke.

4. Zima, usifungue. Acha dakika 10 hadi 15. Mvuke ndio unaolainisha yaliyoganda.

5. Chomoa tena, futa kwa kitambaa safi. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia hatua ya tatu.

6. Usiku, mashine ikiwa imechomolewa, weka ndani kisahani cha magadi ya kuumulia maandazi, yale tunayoita bekingi soda, yakiwa makavu. Funga mlango hadi asubuhi. Mkaa uliotwangwa nao unasaidia, ingawa si sana kama mkaa maalumu wa kusafishia. Asubuhi vitoe kabla hujawasha. Mkaa usiwashwe humo hata sekunde moja.

Harufu kali huhitaji siku mbili au tatu za hatua ya sita. Mchana, muda ambao hutumii mashine, acha mlango wazi hewa ipite.

Mambo ninayoyapinga

La kwanza ni kupuliza manukato ya chooni ndani ya mashine. Hayo si ya kukaa mahali pa chakula, na mteja ataonja maua kwenye wali.

La pili ni kuchanganya siki na magadi ili vitoe povu. Povu linapendeza macho, lakini moja ni asidi na jingine linaua asidi. Zikikutana zinamalizana, unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Tumia kila moja kwa wakati wake.

La tatu ni hatari zaidi: dawa ya klorini ya kufanya nguo ziwe nyeupe. Ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu. Kibanda kidogo kisicho na dirisha si mahali pa kujaribu.

La nne ni waya wa kusugulia masufuria. Unakwaruza rangi ya ndani, chuma kinaota kutu, na vipande vya waya vikibaki vinatoa cheche. Umetibu harufu, umeleta moto.

Kwa nini nalivalia njuga

Kwa sababu wengi wenu mnauza maziwa na chai. Tumefundishana mara nyingi kwamba maziwa yana mafuta, na mafuta hunyonya harufu. Ndiyo maana nasema usiweke ndoo ya maziwa karibu na vitunguu, samaki au mafuta ya taa. Mashine inayonuka masizi ni jirani mbaya kuliko vitunguu, maana ndani yake maziwa yako moto na yamefungiwa. Mfugaji amekamua kwa usafi, amechuja, amewahi asubuhi, halafu kazi yote inaharibiwa na dakika mbili kwenye kibanda. Mteja hatasema mashine inanuka. Atasema maziwa ya fulani yana walakini, na jina linalochafuka ni la mfugaji ambaye hayupo kujitetea.

Na wewe mwenye kibanda hutaligundua, kwa sababu pua huzoea. Ukikaa na harufu kutwa, huisikii tena. Fanya jaribio hili: pasha kikombe kimoja cha maziwa kwenye maikrowevu, na kingine cha maziwa hayo hayo jikoni. Mpe mtu aliyetoka nje aonje vyote bila kumwambia kipi ni kipi. Akikunja uso kwa kile cha maikrowevu, kazi haijaisha.

Wapo watakaonijibu kwamba watu wetu wamezoea moshi, na hata maziwa ya kibuyu hutiwa moshi makusudi. Ni kweli. Wakalenjini hutayarisha kibuyu cha mursik kwa mkaa wa mti wa senetwet, na Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa mti wa oloirien. Lakini tazameni walivyofanya: wamechagua mti, kibuyu kimesafishwa, kila kitu kina kipimo. Huo ni ujuzi. Masizi ya bisi za juzi ndani ya chai ya leo ni uzembe, na mteja anatofautisha.

Kuzuia ni nafuu

Weka muda mfupi, ongeza kidogo kidogo. Chakula kikavu kinyunyizie maji, maana mawimbi hupasha zaidi kupitia maji, na kitu kisicho na maji huungua upesi. Funika bakuli kwa sahani isiyo ya chuma, ukiacha nafasi ndogo ya mvuke. Usiwashe mashine ikiwa tupu. Usiingize karatasi ya fedha, bakuli la bati wala sahani yenye mstari wa dhahabu. Futa mafuta kila jioni. Moto ukiwaka ndani, usifungue mlango: zima, chomoa, acha ukose hewa ufe wenyewe.

Na anayenunua iliyotumika, asikubali kuionja kwa macho tu. Ingiza pua ndani ikiwa baridi. Kisha weka kikombe cha maji, iwashe dakika mbili, unuse tena. Ikinukia ndimu au manukato kupita kiasi, uliza inaficha nini. Tazama kadi ya maika, tazama plagi. Muuzaji akisema "hiyo harufu itaisha yenyewe", mwambie aimalize kwanza, utarudi na hela zako kesho.

Ndimu ni nzuri, siki ni nzuri, magadi ni mazuri. Lakini vyote vinakuja baada ya macho yako, sabuni yako na ukweli wako kwa mteja. Leo jioni kabla ya kufunga, chomoa mashine, geuza sahani ya kioo, utazame chini yake. Wengi mtakuta jibu hapo.