Kadi ya Kuinuka Si Kazi ya Kitoto

Ipo kauli iliyozoeleka kwamba kadi ya salamu inayoinua ua, keki au mnara wa msikiti pindi inapofunguliwa ni kazi ya kitoto. Kinachohitajika, wanasema, ni mkasi, gundi, karatasi ya manila na muda wa kupoteza. Naipenda kazi hii mno kuiacha kauli hiyo ipite bila kujibiwa.

Wanaosema hivyo wana sababu zao, na ni haki zisikilizwe. Ni kweli kwamba vifaa vyake ni rahisi na kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kutengeneza kadi ikasimama. Ni kweli pia kwamba baada ya sikukuu kadi nyingi huishia kwenye droo, na kwamba siku hizi mashine za leza hukata maelfu kwa siku moja. Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwa hoja nne.

Kwanza, kadi hii ni hesabu tupu. Chukua manila yenye urefu wa sentimita 20, upige mstari wa penseli katikati, lakini usiikunje bado. Nusu ya juu itakuwa ukuta, nusu ya chini itakuwa sakafu. Tuseme unataka kijukwaa cha kubebea keki, chenye kimo cha sentimita 4, kinachojitokeza sentimita 3 mbele ya ukuta. Kata mistari miwili sambamba inayovuka mstari wa kati, kila mmoja ukianzia sentimita 4 juu yake na kuishia sentimita 3 chini yake. Umepata ukanda wa sentimita 7. Je, uukunje wapi?

Anayedhani kwamba kazi hii ni ya macho na mikono tu ataukunja nusu kwa nusu, kwenye sentimita 3.5. Akifunga kadi, karatasi itabinuka na kujikunja pasipotakiwa. Mahali pake ni pamoja tu: sentimita 3 kutoka ncha ya juu ya ukanda, yaani sentimita 1 juu ya mstari wa kati. Hapo sehemu ya juu ya kijukwaa inalingana na sakafu iliyo chini yake, nao uso wa mbele unalingana na ukuta ulio nyuma yake. Pande zinazotazamana zikilingana, umbo hilo ni msambamba. Kadi ikifunguliwa nusu, umbo hilo huwa mstatili. Ikifungwa, umbo hulala hadi likawa bapa, na kona yake hufika sentimita 7 kutoka mkunjo wa kati. Kwa kuwa kila nusu ya kadi ina sentimita 10, kona hiyo itabaki ndani. Kama nusu hiyo ingekuwa na sentimita 6, ingechungulia nje ya kadi. Hayo yote huamuliwa kabla mkasi haujashikwa.

Pili, karatasi yenyewe ina tabia zake. Nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, kufuata mwendo wa mashine iliyoitengeneza. Ukiikunja manila kwa kufuata nyuzi, mkunjo hunyooka. Ukiikunja kwa kuzikata, mara nyingi hupasukapasuka mgongoni. Fundi huchana kipande cha pembeni kwanza, kwa kuwa mchano hunyooka zaidi unapofuata nyuzi. Kisha hupitisha rula na kalamu iliyokwisha wino kwenye kila mstari wa kukunjwa, ndipo akunje. Hata kama hatua hizi hazionekani kadi ikiisha, ndizo zinazoifanya ifunguke mara nyingi bila kulegea.

Tatu, historia ya karatasi zinazosogea haiungi mkono dai la utoto. Mwaka 1540 Petrus Apianus alichapa nchini Ujerumani kitabu cha falaki chenye visahani vya karatasi vinavyozunguka, ambavyo msomaji alivitumia kukokotoa mahali pa sayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, msanifu majengo wa Japani, Masahiro Chatani, alianza kuinua majengo kutoka karatasi moja kwa kukata na kukunja tu, na kazi hiyo ikawa tawi la sanaa linalojitegemea. Mwaka 2012 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha roboti ndogo mfano wa nyuki, iliyokatwa kwa leza katika tabaka 18 bapa na kuinuka kwa mwendo mmoja. Wenyewe walieleza kwamba wazo hilo walilichota kwenye vitabu vya picha za kuinuka.

Nne, mashine ya leza hukata ilichoagizwa. Haijui ukanda ukunjwe wapi. Ingawa imerahisisha kurudufu, bado kila kadi inayouzwa ilianza na mtu aliyekaa na rula akapima, akakosea, akapima tena.

Na hoja ya mtoto? Bao nalo huchezwa na watoto, lakini hakuna anayemdharau bingwa wa bao kwa sababu hiyo. Kwamba mlango ni mpana hakuonyeshi kuwa nyumba ni ndogo. Kinyume chake, hapa ndipo ilipo faida kubwa ya kadi hizi darasani. Jibu la daftarini husubiri alama ya mwalimu, ilhali kadi hujisahihisha: ukiifunga, ama inalala bapa, ama inagoma, na inapogoma huonyesha palepale penye kosa. Ni vifaa vichache vya kufundishia jiometri vinavyofanya hivyo kwa bei ya karatasi moja ya manila. Mwalimu wa hisabati anayetafuta njia ya kufundisha msambamba na aanze na ukanda wa sentimita 7, awaachie wanafunzi watafute wenyewe mahali pa kuukunja.