Simu ya Kazi Iwe ya Kazi

Ukiingia duka la simu pale Darajani, kwanza utauliza bei, halafu kamera. Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunasema liko swali la mbele zaidi: simu hii itashikwa na nani?

Bi harusi hututumia picha zake akiwa kichwa wazi, tuone shingo na mabega yalivyo. Hiyo ni amana. Nasi kwa miaka tulitumia simu moja: vipimo humo, wateja humo, familia humo. Siku moja mtoto akaja na tableti yake: "Mama, huyu nani?" Kumbe tableti ilifunguliwa kwa akaunti yetu ileile ya Google, picha zikajipeleka zenyewe. Tulimpigia mteja, tukamwambia ukweli na kumuomba radhi. Alisamehe, lakini nguo ya pili hakuleta.

Tangu hapo tuna simu mbili. Ya kazi si ya gharama: inatosha ioneshe rangi ya kitambaa kama ilivyo, na chaji ifike magharibi. Ina akaunti yake na nywila yake, na watoto hawaigusi. Huna uwezo wa mbili? Chukua moja ya laini mbili, weka WhatsApp ya kawaida kwa familia na WhatsApp Business kwa wateja, na uzime picha kujihifadhi zenyewe.

Nawe bi harusi, kabla hujatuma picha, muulize fundi wako simu yake inashikwa na nani. Si ukorofi, ni haki yako.