Mahdi wa Skrini Kubwa na Ulimi wa Kukodi

Ipo kauli moja ambayo imekuwa kimbilio la wavivu kila tunapotaka kuzungumza kwa uzito juu ya sinema: "Ni burudani tu, Daktari, usituharibie raha." Nimeisikia kwa wanafunzi, nimeisikia kwa watumishi wa umma wenye shahada mbili, na hivi karibuni nimeisikia kwa mhadhiri mwenzangu wa fasihi. Kwake ndiko iliponikera zaidi. Mtu anayelipwa mshahara ili asome hadithi hana ruhusa ya kutuambia kwamba hadithi haisemi kitu. Tulikuwa tukizungumzia Dune: Part Two, niliyoitazama Machi 2024 katika ukumbi mmoja wa sinema hapa Dar es Salaam, nami nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa hoja yake si yake peke yake.

Nimpe kwanza haki yake Denis Villeneuve. Filamu ina dakika 166, na sikumbuki dakika hata moja niliyotazama saa. Pale Paul Atreides anapompanda mnyoo wa jangwani mkubwa kuliko treni, mchanga unaporomoka kama maji ya mafuriko na muziki wa Hans Zimmer unatikisa viti hadi mtu anahisi ngurumo ndani ya mbavu. Sayari ya Harkonnen, yenye jua jeusi linalonyonya rangi zote, imepigwa na Greig Fraser kwa mwanga wa infraredi, na nyuso za watu zinabaki nyeupe kama mifupa iliyooshwa. Mwaka 2025 filamu ilipata tuzo za Oscar za sauti na za madoido ya picha, na aliyeitazama hawezi kusema ilipendelewa. Ingekuwa kazi mbovu nisingepoteza jioni yangu kuiandikia.

Lakini pamoja na macho nilikwenda na masikio. Stilgar, kiongozi wa Wafremen, anaitwa naib. Sisi tunao manaibu waziri, naibu spika na manaibu katibu mkuu wasiohesabika. Paul anapewa jina la Usul, na sisi tuna usuli. Anaitwa Lisan al-Gaib, na yeyote aliyepitia tenzi zetu anajua lisani ni nini na ghaibu ni nini. Anaitwa Muad'Dib, jina lenye mzizi uleule uliotupatia adabu. Anaitwa Mahdi. Frank Herbert, Mmarekani, aliyachota maneno haya katika riwaya yake ya mwaka 1965, mengi yakiwa ya Kiarabu, na baadhi ya mambo akiyatoa katika historia ya Waislamu wa Kaukazi waliopigana na Warusi chini ya Imam Shamil katika karne ya 19. Kiswahili nacho kilichota katika kisima hichohicho, karne nyingi kabla yake. Tofauti ni kwamba sisi tulikopa kwa kuishi na wenye maneno: kwa biashara, kwa ndoa, kwa dini, kwa ugomvi, na kwa kutawaliwa pia. Maneno yalikuja na watu wake. Katika filamu hii maneno yamekuja peke yake.

Angalieni jinsi yalivyochujwa. Neno jihadi, ambalo limejaa katika riwaya, halitamkwi katika filamu. Mahali pake pamewekwa "vita vitakatifu" kwa Kiingereza kisichomtisha mtu. Yaliyobaki ni yale yanayopendeza masikioni na yasiyomkumbusha mtazamaji mtu yeyote aliye hai. Mchanga wenyewe ni wa Wadi Rum nchini Jordan na wa jangwa la Abu Dhabi. Stilgar ni Javier Bardem, Mhispania, mwigizaji ninayemheshimu sana. Miongoni mwa Wafremen wenye majina na maneno ya kusema, namwona Souheila Yacoub, Mswisi ambaye baba yake ni Mtunisia, naye anaishia kuchomwa moto na adui. Jangwa limekodiwa, ulimi umekodiwa, wenyewe wamekaa nyuma kabisa ya picha, wamefunikwa uso. Na tuliitazama filamu hiyo, yenye watu wa jangwani wanaopigwa mizinga katika mapango yao, katika mwezi ambao kila mmoja wetu alikuwa akitazama Gaza kwenye simu yake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sisi Waswahili mchezo huu tunaujua. Luteni Uhura wa Star Trek, mwaka 1966, jina lake lilitokana na uhuru wetu. Kampuni ya Disney ilikwenda mbali zaidi, ikasajili "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani.

Sasa nije kwa watetezi wenye akili zaidi, maana wapo. Wanasema: filamu hii inampinga mwokozi. Unabii ulipandikizwa na masista wa Bene Gesserit, kwa makusudi, vizazi vingi kabla. Chani, aliyechezwa na Zendaya, anakataa kupiga magoti, na sura yake ndiyo picha ya mwisho tunayoiona. Ni kweli. Katika riwaya Chani haondoki. Villeneuve ndiye aliyembadilisha, kwa sababu Herbert mwenyewe alisikitika kuona wasomaji wakimshangilia Paul, akaandika Dune Messiah mwaka 1969 ili kuwasahihisha. Mkurugenzi alilijua tatizo na akajitahidi.

Ila hoja ya filamu haimo katika mazungumzo peke yake. Imo pale kamera inaposimama. Kamera inapanda mnyoo pamoja na Paul, inateremka naye, inaingia naye katika lile baraza la maelfu huko kusini, na anapopaza sauti na kutwaa cheo, muziki, mwanga na ukubwa wa skrini vyote vinamwinamia. Chani amepewa uso wenye huzuni. Nani atashinda katika ukumbi wenye spika za namna ile? Nyuma yangu vijana walipiga makofi. Walipiga makofi kwa tangazo la vita ambavyo filamu yenyewe imeshatuonya kwamba vitaua watu wasiohesabika.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko makofi. Imani ya Stilgar imegeuzwa kichekesho. Paul akikana kwamba yeye ni Mahdi, Stilgar anaona unyenyekevu huo ndio ushahidi wenyewe, na ukumbi mzima unacheka. Mzaha ni mzuri, nakubali. Hata hivyo tazameni unachokidai: kwamba akili ya watu hawa ni kufuli, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mgeni. Wafremen wa kaskazini wana shaka, wa kusini wanaamini, basi. Hatuoni wakishauriana juu ya ardhi, juu ya kile kiungo ambacho himaya inawanyang'anya, juu ya nani atatawala baada ya ushindi. Watu wanaopigana kwa miongo mingi bila kujadili hata mara moja wanapigania utawala gani ni watu wa kubuniwa kweli.

Mwaka huohuo wa 1969 ilipotoka Dune Messiah, Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile. Sikulitunga sadfa hili, na ninashangaa kwamba katika idara zetu halitajwi. Hapa nabii alitoka ndani, Ngarambe, kwa watu waliolimishwa pamba kwa viboko, na Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Makadirio ya waliokufa hadi 1907 huanzia watu 75,000 na hufika 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala. Katika tamthilia, nabii mwenyewe ndiye anayeshtuka. Anang'amua kwamba ndani ya ujumbe aliopewa mna utii kwa Sultani wa Zanzibar, yaani kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Kitunda anataka watu wafunzwe kwanza. Wengine hawataki kungoja. Wanabishana! Neno linamponyoka aliyelileta, na kila upande una sababu inayosikika. Hussein hakuwa na mnyoo wala Hans Zimmer, alikuwa na jukwaa na wakulima wanaofikiri.

Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanieleze Nyumba Kuu za Dune. Walinitajia zote, pamoja na nembo zake. Nilipouliza kuhusu Kitunda, mmoja alidhani namaanisha kituo cha daladala.

Ndiyo maana siikubali ile kauli ya burudani tu. Kila uchaguzi unapokaribia, nasikia hata wenzangu wa chuoni wakiulizana ni nani atakuja. Ni wachache wanaouliza halmashauri yao imepitisha bajeti gani, au kwa nini mkutano wa kijiji haujaitishwa tangu mwaka juzi. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anaijua ofisi ambamo hakuna kinachosogea hadi aje kiongozi mkubwa kwa ziara, apaze sauti mbele ya kamera, amtumbue mtu, watu washangilie. Tabia hiyo ya kungoja hatukufundishwa na Hollywood, ila Hollywood inailisha vizuri, kwa picha ambazo hakuna mhadhara wangu utakaozishinda.

Tumaini langu liko katika vibanda umiza. Huko filamu haiachwi iseme peke yake: mtafsiri anapanda juu ya sauti yake, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamcheka shujaa, anamwonya msichana, anasimamisha mambo ili aeleze. Siku Dune itakapofika Mbagala kwa njia hiyo, nitalipa kiingilio changu na kukaa kwenye benchi. Nataka kusikia jamaa atakavyolitafsiri neno naib mbele ya watu wenye manaibu wao, na Paul atamwita nani.