Tumuageje Mgeni Wetu?



Muhula huu ukifungwa, mwalimu wetu wa hesabu aliyetoka Japani atatuaga na kurudi kwao. Miaka yake miwili imekwisha. Vijana wa nchi hiyo wanaojitolea walianza kuja Tanzania mwaka 1967, na tangu hapo wamekuwa wakija na kuondoka: hufundisha hesabu na sayansi, au hufanya kazi nyingine, kisha huenda zao. Kwa hiyo kuagana na wageni wa namna hii si jambo jipya katika nchi yetu. Lakini jambo kuwa la zamani si dalili ya kuwa tunalijua. Mimi naona ya kuwa hatujui kuaga, na kwa ruhusa ya Mhariri nataka kueleza kwa nini nasema hivyo.

Juzi jioni nilipita nyuma ya bweni nikasikia wanafunzi wakirithi mali ya mtu aliye hai. Mmoja alikuwa amekwisha kujitwalia baiskeli ya mwalimu, wa pili kompyuta, na wa tatu, ambaye hajui hata kulishika, alikuwa akigombea gitaa. Walisema, "Hawezi kuvibeba vyote hivi." Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka siku nilipokuwa mimi ndiye mgeni anayeondoka.

Nilikwenda Japani kwa mpango wa serikali ya nchi hiyo wa kuwafunza walimu wa nchi nyingine. Nilifika mwezi wa Oktoba, nikakaa mwaka mmoja na nusu, nikaondoka mwezi wa Machi, mwaka wao wa masomo ulipokwisha. Mji niliokaa ni Sendai, kaskazini ya Tokyo. Baridi yake sina haja ya kuieleza; yatosha kusema kwamba mtu wa Tanga aliyezoea kulalamika mvua ya masika ikinyesha, huko hujifunza kunyamaza.

Jirani na bweni letu palikuwa na mzee mmoja, fundi wa baiskeli. Duka lake lilikuwa na nafasi ya baiskeli mbili na fundi mwenyewe. Siku ya kwanza aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania, akaitikia kwa adabu. Nikasema Tanga, uso ukamchangamka, akasema, "Shirakansu!" Ndilo jina lao la silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2004 wavuvi wetu wa Tanga wamekuwa wakimpata katika nyavu za maji ya kina, na mwaka 2009 serikali ilitenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Watafiti wa Kijapani walikuja hapa kumchunguza, na habari zikafika kwao. Basi mzee yule, ambaye asingeweza kuionyesha Dar es Salaam katika ramani, aliijua Tanga.

Tangu siku hiyo hakunitoza senti moja kwa kujaza upepo. Bei yake ilikuwa neno moja la Kiswahili. Nikimwambia "gurudumu", aliliandika kwa hati yao kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ukutani juu ya nyundo zake. Siku nyingine "mnyororo", siku nyingine "pole pole". Nilipokaribia kuondoka, ukuta ulikuwa umejaa.

Siku za mwisho zilikuwa za mbio. Ilinipasa kwenda ofisi ya mtaa kuandikisha kwamba nahama, kufunga hesabu yangu ya benki, kusafisha chumba mpaka kirudi kama nilivyokikuta, na kutenganisha takataka kama sheria ya mji inavyotaka. Niliandika orodha ya watu wa kuwaaga. Maprofesa walikuwa juu. Mzee fundi alikuwa chini kabisa, si kwa kuwa nilimdharau, bali kwa kuwa alikuwa karibu. Naam, mtu wa karibu ndiye tunayemwacha mwisho, tukidhani yupo tu.

Jioni ya mwisho ningeweza kwenda kwake. Lakini nilikuwa na barua na ujumbe wa simu kutoka nyumbani: huyu anataka saa, huyu viatu, huyu kamera. Nilizunguka madukani mpaka usiku. Niliporudi, mlango wa mzee ulikuwa umefungwa, na treni yangu ilikuwa ya asubuhi na mapema, kabla hajafungua.

Stesheni walinisindikiza jamaa wa nyumba moja waliokuwa wakinialika siku za Jumapili. Huko mtu asiyesafiri hukata tiketi yake ndogo ya kuingilia tu, apate kusimama na msafiri mpaka mlangoni pa treni. Kutoka Sendai mpaka Tokyo ni kama kilomita 350, karibu sawa na kutoka hapa mpaka Dar es Salaam. Treni yao ya kasi huenda kwa saa moja na nusu hivi, nayo haimngoji mtu. Kwa hiyo maneno ya kuagana lazima yawe machache. Nilidhani Mama wa nyumba ile ataniambia "sayonara", neno ambalo asili yake ni kama kusema "ikiwa ni hivyo, basi". Hakulisema. Aliniambia "itte rasshai", maneno ambayo Wajapani humwambia mtoto killa asubuhi aendapo shule, na maana yake ni "nenda urudi". Nami, kwa mazoea, nikamjibu lile jibu lake: "itte kimasu", yaani "naenda, nitarudi". Mlango ukafungwa. Akainama, na mpaka treni ilipopinda alikuwa bado ameinama.

Nilipokaa kitini niligundua nililolifanya. Katika asubuhi moja nilikuwa nimemwahidi mtu kurudi, hali najua mshahara wa mwalimu haununui tiketi ya ndege ya Japani. Na nilikuwa nimemwacha mzee wangu bila hata neno moja. Huyu nimempa ahadi nisiyoiweza, na yule nimemnyima kwaheri niliyoiweza. Hayo ndiyo makosa mawili ya kuaga, na nayaona yote mawili katika shule yetu sasa.

Mzee nilimwandikia, lakini baada ya mwaka mzima. Barua ilirudi imepigwa muhuri, haikufunguliwa. Anwani ilikuwa sahihi. Ninayo mpaka leo katika mtoto wa meza.

Sisi watu wa pwani hatukuzaliwa wajinga wa jambo hili. Lugha yetu yenyewe imeligawa vizuri. Tuna "kwaheri", nayo ni ya killa siku. Tuna "kwaheri ya kuonana", nayo ni ya mtu tunayemtazamia. Na tuna "buriani", nayo ni ya safari ndefu au ya mwisho, ambapo mtu huzunguka kwa jirani zake akiomba radhi: kama nimekukosa, nisamehe, kama una changu, ni halali yako. Wazee wetu walioagana na mabaharia wa majahazi pale Pangani na hapa Tanga hawakuhitaji kuapizana. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na aliyebaki pwani alijua ni mwezi gani aanze kutazama upeo wa bahari. Upepo ulikuwa ndio tarehe ya ahadi.

Siku hizi hatungoji upepo. Simu imo mfukoni, na ujumbe hufika Japani kabla chai haijapoa. Hata hivyo tunaandikiana kidogo kuliko walivyosubiriana wao. Tunasema "tutaandikiana, Mungu akipenda", na maneno hayo, ambayo asili yake ni unyenyekevu, tumeyafanya kuwa pazia la uvivu. Mungu hakukataa, sisi ndio hatukushika kalamu.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne ameniambia kwamba hatakuja kwenye tafrija ya kumuaga mwalimu. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Mwalimu, mgeni aliyetangulia aliahidi kuniandikia. Aliandika mara moja tu." Nikamwuliza, "Nawe ulimjibu?" Akainamisha kichwa. Basi watu wawili wamekosana pasipo ugomvi, killa mmoja akidhani kwamba ni mwenzake aliyesahau. Simlaumu kijana huyu kwa uchungu wake. Ni kazi ngumu kumpenda mgeni, kumzoea, na kumtoa, kisha miaka miwili baadaye kuanza upya na mwingine. Lakini dawa ya uchungu huo si kujificha siku ya kuaga. Dawa ni kuaga vizuri.

Sasa nitasema ninavyoona tumuage vipi mgeni wetu.

Kwanza, tusimwombe kitu. Mwenzangu mmoja katika ofisi ya walimu amenipinga kwa nguvu. Asema kuomba ni mapenzi. Mtu husema "niachie saa yako" kwa maana ya "niachie kumbukumbu yako", na mgeni anayeombwa hujua kwamba atakumbukwa. Rai hiyo ina ukweli, wala sisemi kwamba wanafunzi wetu ni walafi. Lakini nauliza: mtu aliyeombwa vitu na watu thelathini katika juma lake la mwisho atakuwa na saa ngapi za kukaa na mmoja wao? Mimi niliombwa vitu nikiwa mbali, na vitu hivyo ndivyo vilivyonichelewesha mlango wa mzee ukafungwa. Saa niliyomletea mtu imekwisha kuharibika. Kumbukumbu hupewa, haiombwi. Akitaka kumwachia mtu gitaa, ataliacha kwa hiari yake, nalo litakuwa tamu zaidi.

Pili, tumpe nafasi ya buriani. Asiagwe na Mkuu wa Shule na hotuba tatu tu. Apite jikoni kwa wapishi waliomfundisha kusonga ugali. Apite kwa mlinzi wa lango aliyemfungulia usiku. Apite kwa mama auzaye mihogo nje ya shule. Hao ndio watu wa karibu, na kama nilivyosema, wa karibu ndio husahauliwa. Nasi tumwombe radhi kwa yale tuliyomkosea, maana tumemcheka mara nyingi alipotamka Kiswahili vibaya, naye alitufundisha hesabu kwa Kiingereza chetu kibovu bila kutucheka.

Tatu, tumwahidi jambo moja tu, tena jambo la kazi. Killa Jumatano baada ya vipindi mwalimu huyu amekuwa akiwasaidia wanafunzi walio nyuma katika hesabu. Hakulipwa kwa kazi hiyo. Napendekeza wanafunzi wa kidato cha tatu na walimu wa somo hilo waichukue Jumatano hiyo, na mtu mmoja achaguliwe kumwandikia mwalimu mwisho wa killa muhula, ukurasa mmoja, kumweleza imekwendaje. Barua nne au tano za kweli zapita ahadi mia. Na ikiwa Jumatano hiyo itakufa baada ya mwezi mmoja, basi tuache kulia siku ya tafrija, kwa sababu machozi yetu yatakuwa ya bure.

Nne, tumsindikize. Basi la Dar es Salaam huondoka stendi ya Kange alfajiri. Si shule nzima. Wachache waliopewa ruhusa, na wazazi wapendao. Tusimame mpaka basi lipotee njia ya Segera. Huu ni utaratibu wetu tangu zamani, wala hatukuuazima Japani. Wazazi mnaosoma gazeti hili mnajua kwamba mgeni hatolewi mlangoni tu. Huadiwa mpaka njiani.

Na akiuliza kama tutaonana tena, tumwambie kweli: hatujui, lakini Jumatano tutakuwa darasani.

Mama wa Sendai naye nimemwandikia. Nilimweleza kwamba nilijibu "nitarudi" kabla ya kufikiri, na kwamba sina uwezo wa nauli. Alinijibu kwa maneno mafupi kwamba alikuwa anajua, na kwamba mlango haufungwi kwa sababu ya nauli. Tangu hapo tunaandikiana killa mwezi wa Machi. Nimemwomba, akipita mtaa ule, atazame kama lile duka la baiskeli lingalipo.

Mwenye rai iliyo kinyume na hii na aandike katika toleo lijalo, nitafurahi kuisoma. Lakini tafrija ni juma la mwisho la muhula, na basi la Kange nalo halimngoji mtu.