Zawadi Isiyo na Bei: Kodi na Programu Huria

Katika sheria za kodi za nchi nyingi, kampuni itoayo mali yake kwa ajili ya elimu au tiba huruhusiwa kuondoa thamani ya mali hiyo katika hesabu ya faida, nayo ikatozwa kodi ndogo zaidi. Kanuni hii haina utata iwapo kilichotolewa ni madawati. Dawati likishafika shuleni, kiwanda hakinalo tena. Programu huria ni kitu cha namna nyingine. Hiyo ni programu ya kompyuta ambayo maagizo yake yamewekwa wazi ili kila mtu ayasome, ayanakili na kuyarekebisha. Kampuni ikiitoa, hubaki nayo vilevile. Je, imetoa nini hasa, na yastahili kupunguziwa kodi kwa ajili hiyo?

Sheria ya Marekani ina jibu kali. Tangu mwaka 1969, kampuni itoayo bidhaa iliyoitengeneza ili iuzwe haihesabiwi bei ya dukani, bali gharama yake tu, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Sababu yake huonekana kwa hesabu ndogo. Chukulia kampuni yenye faida kubwa iliyolipa mishahara ya dola 100,000 kuandika programu. Mishahara ni gharama ya biashara, kwa hiyo kwa kodi ya asilimia 21 kampuni imekwisha kuokoa dola 21,000. Sasa ikiruhusiwa kudai kwamba programu ile ina thamani ya dola 1,000,000, itaokoa dola 210,000 nyingine. Jumla ni dola 231,000, kwa kazi iliyogharimu 100,000. Hapo sadaka imekuwa biashara, na anayelipia ni mlipa kodi mwingine.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika miaka ya 1990 makampuni makubwa ya huko yalitoa hataza, yaani haki za uvumbuzi, kwa vyuo vikuu na kudai punguzo kwa thamani zilizokadiriwa juu mno. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa, ikazibana hataza na programu pia: mtoaji ahesabiwe gharama, kisha aongezewe sehemu ya mapato ambayo mpokeaji atayapata kutokana na zawadi hiyo, kwa muda usiozidi miaka 10. Lakini programu itolewayo bure kwa walimwengu wote haina mapato ya namna hiyo, na sehemu yoyote ya sifuri ni sifuri. Basi anayempa kila mtu hupata pungufu ya yule aliyempa mmoja, ambaye naye huiuza. Jambo hili lina kinaya, wala halitoshi kuwa sababu ya kurudisha makadirio ya zamani.

Tena, maagizo ya programu peke yake si zawadi kamili. Historia ya OpenOffice, ambayo shule nyingi ziliitumia kuandikia barua na mitihani, yaonyesha hivyo. Kampuni ya Sun iliiweka wazi mwaka 2000. Kwa kuwa ilikuwa wazi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliweza kuitafsiri, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Mwaka huohuo waandishi wengi wa programu ile walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache. Jina na maagizo vilikabidhiwa, ila watu walikuwa wamekwisha kuhama, na tangu hapo LibreOffice ndiyo iliyosonga mbele. Nyumba ilitolewa bila fundi.

Kwa hiyo kinachostahili kupewa nafuu ni kazi ya kuitunza programu: kusahihisha makosa, kuziba nyufa za usalama, kujibu maswali ya watumiaji. Kampuni inayomlipa mfanyakazi kufanya hivyo tayari huondoa mshahara wake katika faida. Mtu binafsi ajitoleaye usiku baada ya kazi zake hapati kitu, kwani sheria ya Marekani haihesabu saa za kujitolea kuwa sadaka. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, zikiwemo nywila za watu. Ilidhihirika kwamba aliyekuwa akiishughulikia kwa muda wake wote ni mtu mmoja tu. Makampuni makubwa, yaliyoitumia miaka mingi bila kulipa, yalichanga fedha baada ya hatari kujulikana.

Bunge lolote, liwe la Washington au la Dodoma, likitaka kutoa nafuu zaidi, liielekeze kwenye fedha na mishahara inayolipwa kwa matunzo hayo, hata pale mtunzaji asipokuwa mwajiriwa wa kampuni inayotoa. Hati ya malipo mkaguzi wa kodi aweza kuisoma na kuihakiki. Thamani ya kitu kisichouzwa popote ataihakiki kwa kipimo gani?