Risala ya Wakusanyaji wa Chupa za Plastiki, Simbo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi tunaookota chupa kuanzia vichochoro vya Simbo hadi ufukweni Ujiji hatukuja kuomba glovu wala fulana za Siku ya Mazingira. Fulana tunazo. Tumekuja na neno la mzani.

Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mifuko mbadala iliwekewa kipimo: isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Kumbe kupima kunawezekana! Chupa je? Zinaandikwa kuwa zinarejelezeka. Wapi? Leteni beseni la maji, tukatekate moja hapa hapa: vipande vya chupa, plastiki namba 1, vitazama, vya kizibo, namba 2 au 5, vitaelea. Hivyo ndivyo tunavyochambua. Yenye rangi, au iliyovikwa lebo tangu shingoni hadi kitakoni, mnunuzi huisukuma pembeni kwa mguu. Zilizobeba mawese, ambazo kwetu ndizo nyingi, hazigusi kabisa. Na kuipeleka Dar es Salaam kwa reli kutoka hapa Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Chupa isiyo na mnunuzi Kigoma ni taka, hata ikipigwa muhuri wa mishale mitatu.

Halafu kuna asilimia za plastiki iliyorejelezwa zinazotangazwa kwenye lebo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14021 huhesabu uzito wa kilichotoka kwenye taka. Mabaki ya kiwandani yanayosagwa na kurudishwa mashine ileile hayamo. Ukiishika chupa mkononi huwezi kujua. Kinachojua ni karatasi, na karatasi hiyo ingeanzia kwetu. Sisi lakini tunauza kwa kiroba, lumbesa, kimeshindiliwa kwa miguu na kushonwa kwa kamba. Mwenzetu mmoja alipima chake dukani, kilo 31; kwa mnunuzi zikawa 24. Akaambiwa saba ni mchanga.

Kwa hiyo tunadai kila mnunuzi awe na mzani wenye stempu ya Wakala wa Vipimo, na atoe risiti yenye kilo na aina ya plastiki. Kiwanda kinachotangaza asilimia kiwaonyeshe Shirika la Viwango (TBS) na Baraza la Usimamizi wa Mazingira (NEMC) mlolongo wa risiti hizo hadi kwa muokotaji. Kikishindwa, asilimia zifutwe kwenye lebo. Na zile za mawese, Mheshimiwa, atafutwe wa kuziosha. Zimejaa mitaroni, mvua ikinyesha zinaingia Ziwa Tanganyika.