Mshale Mmoja kwenye Oda ya Chuma

Lori lilishusha vipande 20 vya gretingi, kila kimoja mita 1 kwa 2, na vyote viliingia kwenye nafasi zake bila kukatwa. Tukafurahi. Kisha fundi mwenzangu akakanyaga katikati ya kipande cha kwanza, kikabonyea kama kitanda cha kamba. Alirudi nyuma ameng'ang'ania reli kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na sakafu ya zege, mbali.

Kwa wasiofanya kazi viwandani, gretingi ni ule wavu wa chuma unaokanyagwa kwenye majukwaa na ngazi za mitambo. Una pau bapa zilizosimamishwa wima, na hizo ndizo zinazobeba mzigo. Vijiti vyembamba vinavyokingama juu yake kazi yake ni kuzishika pau zisilale. Kwa hiyo pau lazima zitoke mhimili mmoja hadi mwingine. Zetu zilikuja zimelala sambamba na mihimili, na uzito wa fundi wangu ukabaki kwenye vijiti. Muuzaji hakutudhulumu. Oda yetu ilisema "mita 1 kwa 2", basi. Pau zielekee wapi, hatukuandika.

Tuliongeza mihimili midogo chini ya kila kipande. Chuma, kuchomelea na siku za mtambo kusimama vilimeza nafuu yote tuliyojisifia wakati wa kununua.

Nimestaafu sasa, lakini naona ofisi za ununuzi bado zinalinganisha bei ya gretingi kipande kwa kipande, kana kwamba zinanunua viti vya plastiki. Bei hiyo haina maana mpaka ujue umbali wa mihimili, mzigo utakaopita, kimo na unene wa pau, na nafasi kati yake. Pau ya milimita 30 kwa 5 hukataa kupinda karibu mara tatu ya pau ya milimita 25 kwa 3. Ukiziweka mezani, tofauti yake kwa macho ni kama unene wa sarafu chache tu.

Mzigo ukifika, chukua kalipa na mizani. Pau za 30 kwa 5 zilizopangwa kila milimita 30 zina kilo 39 hivi kwa mita moja ya mraba, kabla hujahesabu vijiti. Ukipima ukapata kilo 34 pamoja na vijiti vyake, umelipia milimita 5 ukaletewa 4.

Sisi wa mwambao tuna adui mwingine, chumvi. Rangi ya fedha ya kupuliza si kinga ya zinki. Kinga yenyewe hupatikana kwa kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi. Kwa hiyo kata kwanza, ziba kingo kwa pau bapa, ndipo uchovye. Anayekata kwa gurudumu baada ya hapo amefungulia kutu mlango. Na penye mafuta, agiza pau zenye meno. Buti yenye grisi haina urafiki na pau laini.

Afisa manunuzi ataniambia bajeti ni finyu. Namwamini. Lakini maelezo kamili hayaongezi bei hata shilingi. Yanawafanya wauzaji wote washindane kwa kitu kilekile. Bila hayo, anayeshinda ni aliyepunguza chuma. Tena fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyepewa mchoro unaoeleweka anaweza kukufaa kuliko kontena lililotoka ng'ambo kwa oda ya mstari mmoja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake. Wengi wanalitafuta jukumu hilo kwenye kofia na buti. Mimi nalitafuta pia kwenye faili la ununuzi.

Tangu siku ile, kila oda niliyoandika ilikuwa na kisanduku kilichochorwa kwa mkono, ndani yake mshale unaoonyesha pau zinakoelekea. Viwanda vyetu vifanye hivyo, na oda isitoke ofisini kabla haijatiwa sahihi na fundi atakayeikanyaga gretingi hiyo wa kwanza.